Msafara wa siku moja hautamtosha mtoto wa SS

Ukisimama Mulungwishi alfajiri, kando ya barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, utawaona wakipita: wanaume wenye baiskeli zilizobeba magunia ya makala, yaani makaa, yanayowazidi wao wenyewe kimo, wakisukuma mlimani na kujizuia kwa visigino mteremkoni. Wengi wameondoka porini usiku wa manane. Hakuna anayewapigia makofi wala kuwavika nishani. Jioni watarudi kwa njia ile ile wakiwa na unga, chumvi na sabuni. Kila ninapowaona nasema moyoni kwamba nguvu ya kwenda mbali kwa baiskeli si bidhaa ya kuagiza ng'ambo. Ipo hapa, na imekuwapo siku zote.

Jambo la pili ninaloliona kila mara ni bahasha. Inapita kanisani, inapita sokoni, na siku hizi inapita pia kwenye WhatsApp. Mtoto wa fulani amelazwa, damu inatakiwa, dawa zinatakiwa. Watu wanatoa franga walizo nazo, na wema wao ni wa kweli. Mtoto akiruhusiwa kurudi nyumbani, shukrani zinatolewa na bahasha inafungwa. Baada ya miezi michache, mtoto ni yule yule, maumivu ni yale yale, na bahasha imerudi ikiwa nyembamba zaidi.

Vijana wengi sasa wanapenda wazo la kuunganisha mambo haya mawili: kuandaa msafara mrefu wa baiskeli wa kuwachangia watoto wenye maradhi mazito. Ninaliunga mkono wazo hilo kwa moyo wote, na naamini Mulungwishi ni mahali pazuri pa kulianzishia. Ila msimamo wangu ni huu: thamani ya msafara wa namna hiyo imo katika miezi ya mazoezi inayoutangulia, na katika kundi la watu linalobaki ukishapita. Tukiandaa siku moja ya fulana mpya, hotuba na picha, tutakuwa tumethibitisha tu kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ugonjwa usioishia kwenye bahasha moja

Nazungumzia hasa selimundu, ugonjwa ambao huku kwetu wengi wanauita SS. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, zinapinda na kuwa ngumu. Zinakwama katika mishipa midogo, zinakufa mapema, na mtoto anabaki na upungufu wa damu, maumivu makali ya mifupa, homa za mara kwa mara, na wakati mwingine kiharusi akiwa bado shule ya msingi. Wataalamu wanakadiria kwamba takriban watoto wawili katika kila mia wanaozaliwa Kongo wana ugonjwa huu. Nchi yetu inatajwa pamoja na Nigeria na India miongoni mwa zile zenye wagonjwa wengi kuliko zote duniani. Katika Afrika kwa jumla, Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya nusu ya watoto wanaozaliwa nao wanaweza kufa kabla ya kutimiza miaka mitano, kwa sababu hawapimwi mapema wala kutunzwa ipasavyo.

Lakini je, hakuna la kufanya? Lipo, tena limefanyiwa kazi na Wakongo wenyewe. Daktari wa watoto Léon Tshilolo wa Kinshasa na wenzake waliongoza utafiti wa dawa iitwayo hidroksiurea uliohusisha zaidi ya watoto 600 katika miji minne: Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2018. Watoto waliopewa dawa hiyo walipata maumivu mara chache zaidi, waliongezewa damu mara chache zaidi, waliugua malaria mara chache zaidi, na vifo vilipungua. Kuna pia penisilini ya kuwakinga watoto wadogo dhidi ya maambukizi, chanjo, asidi ya foliki, chandarua na maji ya kutosha kila siku.

Tazama sasa orodha hiyo. Hakuna hata kimoja kinachofanyika mara moja kikaisha. Hidroksiurea humezwa kila siku, na damu ya mtoto inapaswa kuangaliwa mara kwa mara. Kwa hiyo mzazi wa mtoto wa SS haulizi "nitapata wapi pesa?" mara moja maishani. Anauliza kila mwezi. Mama aliyekuwa na meza ya kapenta na mboga sokoni anaiacha kwa sababu yuko wodini. Baba anaongeza gunia la pili juu ya baiskeli. Dada mkubwa anabaki nyumbani kuwalea wadogo, na mwalimu anamfuta kwenye daftari. Kisha ndugu wa mume wanaanza kunong'ona kwamba ukoo wa mke una uchawi, wakati ugonjwa huu unarithiwa kwa baba na mama kwa pamoja. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini je, ni lazima aujue peke yake?

Baridi ya Juni

Umoja wa Mataifa, kwa azimio la Desemba 2008, uliitenga tarehe 19 Juni kuwa siku ya kuutambua ugonjwa wa selimundu duniani. Kwa mpanda baiskeli wa Katanga, tarehe hiyo ni baraka. Mvua zimekwisha tangu Aprili, barabara ni kavu, jua si kali, na nyanda zetu za juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, zina hewa ya kumtia mtu hamu ya kwenda. Ukiniuliza msafara wa Mulungwishi hadi Lubumbashi ufanyike lini, nitakuambia Juni.

Lakini majira yanayomfaa mpanda baiskeli ndiyo yanayomtesa mtoto. Usiku wa Juni na Julai huku kwetu ni wa baridi kali, na baridi ni moja ya vichocheo vikubwa vya maumivu ya SS. Mishipa inabana, chembe zilizopinda zinakwama, na mtoto anaanza kulia kwa mifupa saa tisa usiku. Kiu ni kichocheo kingine, na wakati wa baridi watoto hunywa maji kidogo.

Kutokana na hilo napata kanuni ya kwanza ya msafara wetu: pesa zifike kabla ya baridi. Tukisubiri kupiga hesabu ya michango siku ya kilele, blanketi zitafika Agosti na dawa zitafika baada ya maumivu. Mchango unapaswa kukusanywa na kutumika wakati wa mazoezi, kuanzia Februari hadi Mei, ili wapanda baiskeli watakapopanga mstari tarehe 19 Juni, mtoto awe tayari ana blanketi, sweta, soksi na dawa za miezi inayofuata. Siku ya msafara iwe ya kutoa taarifa ya kazi iliyokwisha fanyika, na ya kuanza mzunguko unaofuata.

Wenzetu walianza kumi na mmoja

Kule Denmark, watu 11 waliokuwa na uhusiano na kampuni ya vinywaji ya Rynkeby waliamua kwenda Paris kwa baiskeli mwaka 2002, wakaone mwisho wa mashindano ya Tour de France. Wafadhili walijitokeza, pesa zikabaki, nao wakazipeleka katika wodi ya watoto wenye saratani kwenye hospitali ya chuo kikuu cha Odense. Kutokana na ziada hiyo kulizaliwa Team Rynkeby, ambayo leo ina maelfu ya wapanda baiskeli kutoka nchi kadhaa za Ulaya, wanaosafiri kila mwaka takriban kilomita 1,200 kwa ajili ya watoto wenye maradhi mazito. Wengi wao hawakuwa wanamichezo. Wanafanya mazoezi pamoja kwa miezi mingi, na kila mmoja anajilipia baiskeli, mavazi na gharama za safari, ili michango iende kwa watoto.

Mtu atasema hayo ni ya Wazungu wenye pesa. Basi tutazame karibu. Benki ya CRDB ya Tanzania imekuwa ikiandaa tangu 2020 mbio za hisani, zenye sehemu ya baiskeli, ambazo zimechangia upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mwaka 2024 mbio hizo zilivuka mpaka zikafika Lubumbashi, mji tunaoweza kuufikia kwa baiskeli zetu wenyewe. Wala wazo la kusafiri kwa baiskeli kwa ajili ya wengine si geni Katanga. Mchungaji Bob Walters, Mmethodisti kutoka Marekani, alizunguka vijijini kwa baiskeli pamoja na wachungaji wa Kikongo akaandika kitabu kuhusu safari hizo. Hapa Mulungwishi penyewe tuna Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Katanga, chenye vijana, walimu, uwanja na kanisa. Tunakosa nini basi?

Kilomita 150 hazipandwi kwa hamasa

Kutoka Mulungwishi hadi Lubumbashi, kwa kupitia Likasi, ni takriban kilomita 150. Kijana anayejisifu kwamba atazimaliza bila mazoezi atafika Likasi, atapumzika chini ya mwembe, na atarudi kwa basi. Mwili unajengwa taratibu. Wiki za mwanzo, mara tatu kwa wiki, saa moja kila mara, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako. Kisha safari moja ndefu kila Jumamosi, ikiongezwa kidogo kidogo: hadi Likasi na kurudi, kisha mbele zaidi. Kila baada ya wiki tatu, wiki moja ya kupunguza, ili misuli ijirekebishe. Ifikapo mwisho wa Mei, aliyeweza kilomita 100 kwa siku moja bila kuumia ataziweza 150 akiwa katika kundi.

Hatuhitaji baiskeli za mbio. Baiskeli ya kawaida ya chuma inatosha, mradi breki zishike, kiti kiwe kwenye kimo ambacho goti linanyooka karibu kabisa pedali ikiwa chini, na kila kundi liwe na pampu, viraka, gundi na spoku za akiba. Bukari (ugali) na maharage usiku wa kuamkia safari ndefu, ndizi na karanga njiani, maji na chumvi kidogo. Munkoyo usiochachuka sana ni kinywaji kizuri cha mpanda baiskeli, tena kinatengenezwa na mama zetu.

Nani atawafundisha vijana wa chuo haya yote? Jibu langu ni wale wabeba makala. Wao wanajua kila mlima wa barabara hii, wanajua kuziba pancha gizani, wanajua kugawa nguvu ili zifike jioni. Waitwe, waheshimiwe, walipwe kwa muda wao kama makocha. Baadhi yao, bila shaka, ni baba wa watoto wa SS.

Damu, kipimo na likelemba

Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Kundi la watu arobaini wenye afya, wanaokutana kila Jumamosi kwa miezi mitano, ni hazina kubwa kuliko pesa watakazokusanya. Hazina ya kwanza ni damu. Mtoto wa SS akiishiwa damu usiku, mara nyingi familia ndiyo inayotumwa kutafuta mtu wa kutoa. Baba anakimbia mtaa kwa mtaa akibisha milango, na kila saa inayopita ni hatari. Mwanamume mwenye afya anaweza kutoa damu kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Kundi la arobaini likijigawa kwa zamu, kila mwezi kutakuwa na wenye uwezo wa kuitwa. Wasitoe wiki chache kabla ya safari ndefu, kwa sababu chembe nyekundu huchukua wiki kadhaa kurudi, na mpanda baiskeli atazihitaji mlimani. Baada ya 19 Juni, watoe.

Hazina ya pili ni kipimo. Takriban mtu mmoja kati ya kila Wakongo wanne amebeba nusu ya urithi wa selimundu, yaani ni AS, naye haumwi. Ina maana katika arobaini wetu, pengine kumi ni AS na hawajui. Wanapaswa kujua kwa sababu mbili. Kwanza, juhudi kali za ghafla bila maji zimewahi kuwaangusha na hata kuwaua wanajeshi na wanamichezo wa AS katika nchi nyingine. Mazoezi ya taratibu na maji ya kutosha ndiyo kinga. Pili, hawa ni vijana watakaooa na kuolewa. Wakikutana AS wawili, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mtoto mwenye ugonjwa. Kijana aliyepimwa pamoja na wenzake, bila aibu, kama sehemu ya maandalizi ya safari, atamshawishi mchumba wake apimwe kwa urahisi zaidi kuliko hotuba kumi za redioni.

Hazina ya tatu ni likelemba. Sisi tunajua kuchangishana kwa zamu. Mama zetu wamesomesha watoto kwa njia hiyo. Kila mpanda baiskeli atoe kiasi kidogo kila wiki, na atafute watu watano wa kumdhamini, kila mmoja kwa franga chache kwa kila kilomita ya mazoezi. Michango ya namna hiyo haichoshi mtu, na inaingia katika mfuko wa watoto kila Jumamosi badala ya kungoja mgeni rasmi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mtoto wa SS kinahitaji kujazwa kila mwezi.

Hesabu ziwekwe mezani

Watu wetu wamechoka kuchangia vitu visivyoonekana. Kwa hiyo kundi liweke daftari la mapato na matumizi, lisomwe hadharani kila mwisho wa mwezi, na nakala ibandikwe kwenye mlango wa kanisa na wa kituo cha afya. Pesa zishikwe na watu watatu wasio wa familia moja. Dawa zilipiwe moja kwa moja kwa mfamasia, na mzazi asipewe noti mkononi mbele ya kamera. Picha za watoto wagonjwa zisitumike kuomba pesa. Mtoto wa SS atakua, atakwenda shule, atatafuta kazi na mchumba; hatupaswi kumwachia sura yake ikizunguka kwenye simu za wilaya nzima. Nguo, chakula na baiskeli za wapandaji visilipiwe hata senti moja kutoka mfuko wa watoto. Wenzetu wa Denmark wameweka kanuni hiyo, na sisi tuna sababu zaidi ya kuishika.

Na malori je?

Hofu ya malori ni ya haki. Barabara yetu inabeba shaba, kobalti na tindikali za migodi mchana na usiku. Februari 2019, katika kijiji cha Kabwe, Lualaba, lori lililobeba tindikali liligongana na magari mengine, likiwamo basi, na watu wasiopungua 18 wakafa. Anayewapeleka vijana kwenye barabara hii bila mpango ana hatia kabla ya kuondoka.

Basi mpango uwepo. Safari zianze kukicha na ziishe kabla ya giza. Wapande kwa vikundi vya watu wanane, kwa mstari mmoja, wakiwa na fulana zinazong'aa, gari moja mbele na jingine nyuma. Safari ya Lubumbashi igawanywe siku mbili, na kulala Likasi. Polisi wa barabarani na meya wa Likasi wajulishwe mapema kwa maandishi. Kampuni za migodi zinazotumia barabara hii ziombwe jambo moja lisilowagharimu sana: malori yao yasimame kwa saa chache asubuhi za siku hizo mbili. Ikiwa tunaweza kusimamishwa sisi wote kandoni mwa barabara kwa saa nzima ili msafara wa mkubwa upite, kwa nini malori yasisimame kwa ajili ya watoto?

Kuna wanaosema pia kwamba kuwatibu watoto ni kazi ya serikali. Ni kweli, na tusiache kuidai: kipimo cha SS kwa kila mtoto anayezaliwa, hidroksiurea katika hospitali kuu za mikoa, damu salama inayopatikana saa zote. Lakini kundi lenye daftari, lenye majina ya watoto linalowahudumia na hesabu ya chupa za damu lilizotoa, litadai kwa sauti nzito kuliko mtu mmoja mwenye malalamiko. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa chuo na wachungaji wa Mulungwishi watoe uwanja na saa moja kila Jumamosi. Nawaomba wauguzi wa Likasi waje kupima, na mafundi baiskeli wa sokoni watoe mchana mmoja kwa mwezi. Nawaomba wazazi wa watoto wa SS wasijifiche, kwa maana hawana kosa lolote. Nawe kijana mwenye baiskeli, usisubiri fulana wala mgeni rasmi: tafuta wenzako watatu, jipimeni damu wiki hii, na Jumamosi muanze na saa moja. Mvua zisiwe kisingizio, kwa maana baridi ya Juni haitamsubiri mtu.